Mgonjwa wa saratani akisema "namshukuru Mungu", je, amepata nafuu au anatuheshimu tu?

Bandiko la 1. Mleta uzi

Ndugu wanajukwaa,

Naomba tujadili jambo ambalo nimelibeba moyoni tangu shangazi yangu alipolazwa kwa saratani ya shingo ya kizazi, katika hospitali ambayo sitaitaja kwa sababu sikuja hapa kushitaki. Jambo lenyewe ni hili: kuridhika kwa mgonjwa na huduma ni kitu kimoja, kupungua kwa mateso yake ni kitu kingine, na hospitali zetu zimezoea kuuliza la kwanza zikadhani zimepata jibu la pili.

Shangazi alikaa wodini siku 19. Kila asubuhi raundi ilipofika, daktari kijana alisimama miguuni pa kitanda na kumwamkia kwa heshima zote: "Shikamoo mama, umeamkaje?" Naye alijibu, "Marahaba mwanangu, sijambo, namshukuru Mungu." Daktari aliandika kwenye faili na raundi ikasogea kitanda kinachofuata. Mimi nilikuwa nimeingia na uji nusu saa kabla, nikamkuta amelala ubavu, magoti ameyavuta hadi tumboni, ameuma pindo la kanga ili asipige kite na kuwaamsha wenzake. Aliposikia viatu vya madaktari kwenye korido aliliachia pindo, akajifuta uso na kuniomba nimwinue mto ili wamkute ameketi.

Siku ya kuruhusiwa, mhudumu alileta fomu ya maoni. Shangazi hakuwa na miwani, hivyo nilimsomea mimi: usafi wa wodi, lugha ya wauguzi, muda wa kusubiri, chakula. Kila swali alijibu, "Weka vizuri sana." Nilipomtazama alisema, "Hawa watoto wamenihangaikia, nitawasemaje vibaya?" Na hakuwa anadanganya. Yupo muuguzi mmoja wa zamu ya usiku aliyekuwa akimkanda miguu iliyovimba bila kuombwa, na mwingine aliyemnunulia maji kwa fedha zake siku niliyochelewa. Kwenye mstari wa mwisho, palipoandikwa "Malalamiko", aliniambia niandike "Hakuna". Fomu nzima haikuwa na swali hata moja lililouliza kama alikuwa na maumivu, kama alilala usiku, kama alipata choo, kama chakula kilipita.

Nimelifikiria sana neno "sijambo". Anayeulizwa hujambo ameulizwa kama hana jambo lolote, na adabu tuliyolelewa nayo inamtaka ajibu kwamba hana, hata akiwa kitandani na dripu mkononi. Habari mbaya huja baadaye, baada ya salamu, kwa mtu aliyevuta kiti akakaa. Raundi haina kiti. Daktari anapata salamu, anaiandika kama taarifa ya ugonjwa, na kwa njia hiyo faili la shangazi lilijaa maneno "anaendelea vizuri" kwa siku zilezile ambazo mimi nilimwona akiteseka.

Watafiti wamekutana na hali hii kwa miaka mingi, na si Afrika peke yake. Tangu miaka ya 1990, tafiti za Marekani na Ulaya zimeonyesha mara kwa mara wagonjwa wenye maumivu makali wakiweka alama ya kuridhika na jinsi maumivu hayo yanavyotibiwa. Mgonjwa hupima nia aliyoiona kwa waliomhudumia: kama walikuja, kama walimsikiliza, kama walimwambia ukweli. Matarajio nayo yana nguvu, kwa kuwa anayeamini kwamba saratani lazima iume hawezi kumlaumu mtu kwa kuumwa.

Ndiyo maana wanaoijua kazi hii hutumia vipimo viwili tofauti. Kwa kuridhika, shirika la utafiti wa saratani la Ulaya, EORTC, lina dodoso liitwalo IN-PATSAT32, lenye maswali 32 kwa mgonjwa wa saratani aliyelazwa: ujuzi wa madaktari na wauguzi, utu wao, taarifa wanazotoa, kupatikana kwao wanapohitajika, na mpangilio wa hospitali. Kwa dalili, kipo kipimo cha Edmonton, kilichotungwa Kanada na Eduardo Bruera na wenzake na kuchapishwa mwaka 1991, ambacho humtaka mgonjwa ataje kwa namba kutoka 0 hadi 10 ukali wa maumivu, uchovu, kichefuchefu, kusinzia, kukosa hamu ya kula, kubanwa pumzi, huzuni na wasiwasi. Katika Hospitali Kuu ya Massachusetts, Boston, wagonjwa 1,036 wenye saratani ya hatua za juu waliolazwa kwa dharura waliulizwa kwa kipimo hicho. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017: zaidi ya nusu yao walikuwa na uchovu, maumivu, kusinzia au kukosa hamu ya kula kwa kiwango cha kati au kikali, na waliolemewa zaidi na dalili ndio waliokaa hospitalini siku nyingi zaidi. Hao ni wagonjwa wa hospitali yenye kila kitu. Kwetu, ambako wengi hufika ugonjwa ukiwa umeshasambaa, baada ya safari ya siku moja au mbili kwa basi, sioni sababu ya kutarajia hali nyepesi zaidi.

Siku ya 13 alikuja muuguzi wa kitengo cha tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia mgonjwa maumivu na mateso. Huyu alivuta kiti. Baada ya salamu alinyamaza kidogo, kisha akamwambia shangazi: "Mama, mdomo umenijibu. Sasa naomba mkono unijibu. Ngumi maana yake hakuna maumivu kabisa, vidole vitano maana yake hujawahi kuumwa zaidi ya hapo." Shangazi alitazama dirishani, na chini ya kanga nikaona mkono unafunguka taratibu: vidole vinne.

Ningependa kusikia kutoka kwa waliouguza, na hasa kutoka kwa wanaofanya kazi wodini.

Bandiko la 2. Mchangiaji, muuguzi wa wodi ya saratani

Mleta uzi, pole kwa kuuguza, na nakushukuru kwa kuandika bila kutubeza.

Vidole ulivyoviona vinatumika pamoja na kipimo cha Chama cha Tiba Shufaa cha Afrika, chenye makao yake Kampala. Kipimo hicho kina maswali 10 tu: saba ya mgonjwa na matatu ya ndugu anayemuuguza. Mgonjwa huulizwa kuhusu maumivu, dalili nyingine, wasiwasi, kama ameweza kumweleza mtu yaliyo moyoni, kama anaona maisha yana thamani, kama ana amani, na kama amepata msaada wa kutosha kupanga mambo ya familia yake. Ndugu naye huulizwa kama amepewa taarifa za kutosha, kama anajiamini katika kumhudumia mgonjwa, na kama ana wasiwasi. Majibu hutolewa kutoka 0 hadi 5, na ndiyo maana mkono mmoja unatosha. Sijaona chombo kinachomfaa zaidi bibi asiyejua kusoma.

Sasa niseme la upande wetu. Mofini ya maji, dawa kali ya kutuliza maumivu, hufanya kazi kwa takriban saa 4, kwa hiyo mgonjwa anatakiwa kuipata kwa saa, maumivu yawepo au yasiwepo, pamoja na dozi ya ziada akizidiwa kabla ya wakati. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ulisema hivyo tangu mwaka 1986: kwa mdomo, kwa saa, kwa ngazi, yaani kupanda kutoka dawa nyepesi hadi kali. Lakini wodi nyingi hugawa dawa mara tatu kwa siku. Fanya hesabu uone mashimo. Anayepewa saa 12 jioni, maumivu yanamrudia saa 4 usiku, na hapo muuguzi wa zamu yuko peke yake na wagonjwa wengi, mofini iko kwenye kabati lenye kufuli mbili, na kila tone linaandikwa kwenye rejista kwa saini. Sisemi kufuli iondolewe. Ninachosema ni kwamba mgonjwa asiyelalamika ndiye anayefikiwa mwisho, hata na muuguzi mwenye huruma kuliko wote, kwa sababu kitanda cha jirani kinapiga kelele. Dawa ya shimo hilo inajulikana: dozi ya saa 4 usiku huongezwa mara mbili kwa maelekezo ya daktari, mgonjwa akavuka saa 8 usiku akiwa amelala.

Na pale ambapo dawa yenyewe haipo, hakuna fomu itakayosaidia. Tume ya jarida la tiba la Lancet iliripoti mwaka 2017 kwamba, kati ya tani 298.5 za dawa za jamii ya mofini zilizosambazwa duniani kwa mwaka, nchi za kipato cha chini zilipata tani 0.1. Uganda imeonyesha kwamba umaskini si kisingizio kamili. Tangu daktari Anne Merriman aanzishe huko mwaka 1993 huduma ya hospisi, ya kuwatunza wagonjwa wasiotarajiwa kupona, mofini ya maji imekuwa ikitengenezwa kwa unga kwa gharama ndogo, na tangu 2004 sheria inawaruhusu wauguzi waliosomea tiba shufaa kuiandika wenyewe.

Bandiko la 3. Mchangiaji

Nawaheshimu wote wawili, lakini nina mashaka. Marehemu baba yangu alikuwa na saratani ya tezi dume na hakulalamika hata siku moja, kwa imani kwamba ugonjwa humfutia mja dhambi. Subira ile ilimpa hadhi. Ninyi mnataka mtu wa namna ile aulizwe kila siku, "Unaumwa kiasi gani?" mpaka aanze kuyahesabu maumivu aliyokwisha kuyasamehe. Na kama mgonjwa mwenyewe amesema ameridhika, ninyi ni nani wa kumwambia hajaridhika?

Bandiko la 4. Mleta uzi

Ndugu yangu, Mungu amrehemu mzee. Sitamgusa kwa neno lolote, kwa sababu subira yake ilikuwa yake na aliichagua.

Ninachokiomba ni kwamba iwe chaguo kweli. Aliyeulizwa na kupewa dawa mkononi, kisha akasema "leo nitavumilia", amesubiri. Ambaye hakuulizwa ameachwa, na sisi wa pembeni ndio tunaouita upweke wake subira. Kuhusu dini, Waislamu wanayo hadithi mashuhuri kwamba Mwenyezi Mungu hakuteremsha ugonjwa bila kuuteremshia dawa, na Wakatoliki wanayo kauli ya Papa Pius wa Kumi na Mbili ya mwaka 1957, alipowajibu madaktari kwamba ni halali kumtuliza mgonjwa maumivu kwa dawa kali hata kama dawa hiyo inaweza kufupisha uhai, mradi nia iwe ni kutuliza. Sijakutana na dini yetu yoyote inayomwagiza muuguzi asiulize.

Kwamba ameridhika, nakubali, na sitaki kumnyang'anya shangazi shukrani zake. Wauguzi wale walistahili kila alama aliyowapa. Kosa linaanza pale uongozi unapoichukua fomu yake, unaijumlisha na nyingine, na kuhitimisha kwamba maumivu wodini yametulizwa. Fomu haikusema hivyo.

Kuhusu hofu kwamba kuuliza kunaamsha mateso, yapo majaribio yanayoonyesha kinyume chake. Katika kituo cha saratani cha Memorial Sloan Kettering, New York, Ethan Basch na wenzake waliwafuatilia wagonjwa 766 waliokuwa wakipata tiba ya kemikali. Zaidi ya nusu yao waliripoti dalili zao mara kwa mara kupitia kompyuta, na muuguzi alipewa taarifa dalili ilipokuwa kali. Matokeo ya 2017 yalionyesha kwamba walioripoti waliishi muda wa kati (yaani nusu yao waliishi zaidi ya huo) wa miezi 31.2, na waliohudumiwa kwa utaratibu wa kawaida miezi 26.0. Kabla ya hapo, mwaka 2010, Jennifer Temel na wenzake huko Boston walichapisha matokeo ya wagonjwa 151 wa saratani ya mapafu iliyosambaa: walioanza tiba shufaa mapema walikuwa na hali bora ya maisha, dalili chache za sonona, na waliishi miezi 11.6 wakati wenzao waliishi 8.9. Hao hawakuwa wodini kama shangazi, walikuwa wakija kliniki, na mazingira yao si yetu. Hata hivyo ni vigumu, baada ya kuyaona matokeo hayo, kuendelea kusema kwamba kuuliza dalili ni adabu ya ziada.

Bandiko la 5. Mchangiaji

Niongeze hofu ambayo haijatajwa. Mjomba wangu alikuwa na saratani ya umio. Kila alipomeza mate alifumba macho. Nilimsihi amweleze daktari akakataa katakata, akasema, "Nikionekana msumbufu wataniruhusu niende nyumbani kabla sijamaliza mionzi." Mgonjwa aliyetoka mbali, anayelala kitanda cha watu, na ambaye dawa yake iko mkononi mwa anayemuuliza swali, hawezi kujibu kama mtu huru. Fomu ikijazwa mbele ya muuguzi, au ikijazwa na muuguzi mwenyewe kwa niaba ya mgonjwa, majibu yake mnayajua kabla ya kuifungua.

Tena kuna dalili ambazo watu wazima wanaona aibu kuzitaja. Harufu, kwa mfano.

Bandiko la 6. Mchangiaji, muuguzi wa wodi ya saratani

Umegusa penyewe. Harufu ya uchafu unaotoka kwa mgonjwa wa saratani ya shingo ya kizazi au kidonda cha titi huwafukuza wageni, na mgonjwa huiona mapema kuliko sisi: huanza kukataa kutembelewa na kusema amechoka. Nasi tunaandika "amejitenga". Vidonge vya metronidazole vikisagwa na kunyunyiziwa kwenye kidonda kilichosafishwa hupunguza harufu hiyo ndani ya siku chache, na ni dawa ya bei ndogo iliyopo karibu kila zahanati. Nimemwona mama aliyekuwa ameukabili ukuta kwa wiki nzima akigeuka na kuomba kitana.

Mleta uzi, ulisema shangazi alikaa wodini siku 19. Baada ya vile vidole vinne ilikuwaje? Na wewe kama ndugu ulifanya nini ambacho sisi tungeweza kuwafundisha wengine?

Bandiko la 7. Mleta uzi

Dada muuguzi, nitajibu yote mawili.

Muuguzi wa tiba shufaa hakuishia kwenye maumivu. Aliuliza lini mara ya mwisho shangazi alipata choo. Shangazi aliinamisha kichwa, mimi nikatoka nje kwa adabu, na niliporudi nikaambiwa ni siku ya 6. Alikuwa amepewa mofini bila dawa ya kulainisha choo, ilhali kufunga choo ni dalili ambayo karibu kila anayetumia mofini huipata, nayo haiishi yenyewe kama unavyoisha usingizi wa siku za mwanzo. Kwa wiki nzima mimi nilikuwa namlazimisha kula, nikimwambia ajitahidi apate nguvu, nikidhani ni saratani iliyomfunga tumbo. Alikuwa akimeza vijiko viwili kwa ajili yangu. Hili linaniuma hadi leo kuliko jambo lolote lililofanywa na hospitali, kwa sababu nilikuwa karibu naye kuliko wote, na mimi pia nilikuwa nikimuuliza, "Shangazi, umeamkaje?"

Baada ya hapo nilinunua daftari dogo la kurasa 40. Kwenye kila ukurasa nilipiga mistari minne: asubuhi, mchana, jioni, na usiku kama alivyousimulia kulipokucha. Kila mstari niliandika idadi ya vidole vya maumivu, saa aliyopewa dawa, choo, vijiko alivyokula, na kama alitapika. Sikuuliza "unaendeleaje". Niliuliza "vidole vingapi?" naye alivizoea haraka, hata akawa ananionyesha kwa mbali nikiingia mlangoni kabla ya shikamoo. Raundi ilipofika na yeye akasema "sijambo", nilimkabidhi daktari daftari bila kumpinga shangazi mbele za watu. Yule daktari kijana alilisoma lote akiwa amesimama, akarudi ukurasa wa jana, akauliza, "Kila siku saa 4 usiku ni vinne?" Jioni ile dozi ya usiku ilibadilishwa. Kesho yake nilipofika na uji nilimkuta amelala chali, amenyoosha miguu, kanga imefunika kifua bila kukunjamana, na sikumwamsha.

Kwa hiyo, kwa anayeuguza sasa hivi: andika saa, kwa sababu daktari akiona saa ataona pia shimo la dawa. Muulize mgonjwa mkiwa wawili tu, na kama kuna jambo la aibu, amuulize mtu wa jinsia yake. Usimjibie. Mimi nilipojaribu kukisia vidole vyake kabla hajavionyesha, nilikosea mara nyingi, mara nyingine nikizidisha na mara nyingine nikipunguza. Na ikiwa mofini imeanza, ulizia dawa ya choo siku hiyohiyo.

Shangazi alifariki nyumbani miezi mitano baadaye. Daftari lilijaa, tukaanza la pili, na ukurasa wake wa mwisho una ngumi tatu na kidole kimoja. Fomu ya hospitali sijui iko wapi, lakini nadhani bado imehesabiwa kati ya zile zenye "vizuri sana", na sioni haja ya kuibadilisha. Ningeomba tu nyuma yake pachapwe mkono wenye vidole vitano, ili anayefuata aweze kuweka alama pande zote mbili.